Kujilinda si kuhukumu: Silaha, sheria na hasira za wananchi katika ukanda wa Bagamoyo

MAKURUNGE, kata iliyo jirani na mji wa Bagamoyo mkoani Pwani, ni njia panda ya mambo mengi. Ndipo inapoanzia barabara ya pwani inayoelekea Saadani, Pangani hadi Tanga. Kaskazini yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo ndiyo pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi. Jirani limo pia eneo la lililokuwa shamba la mifugo la Serikali ya Zanzibar, maarufu kwa jina la Razaba, ardhi ambayo kwa miaka mingi imegombewa na wakulima, wafugaji, wachoma mkaa na wawekezaji.

Katika mazingira ya namna hiyo, mkulima anayekesha kwenye dungu akilinda mahindi yake huwa na maadui wa aina mbili: mnyama na binadamu. Nguruwe pori huweza kulimaliza shamba kwa usiku mmoja, na mwizi wa mazao au wa mifugo naye hufanya kazi yake usiku huo huo. Kituo cha polisi huwa mbali, na msaada wa karibu ni jirani, mbwa, panga au, kwa wachache, bunduki.

Hapo ndipo yanapozuka maswali mawili ambayo yamekuwa yakijadiliwa vijijini na mijini kwa miongo mingi. Je, mtu aliyevamiwa anaruhusiwa kwenda umbali gani katika kujilinda? Na mhalifu akishadhibitiwa, nani mwenye haki ya kumwadhibu? Maoni mengi ya mitaani huyajibu maswali hayo kwa jibu moja tu, kwamba mwizi auawe. Sheria ya nchi huyajibu kwa majibu mawili tofauti, na kutoijua au kuipuuza tofauti hiyo kumegharimu maisha ya watu wengi, wakiwamo wasio na hatia.

Bunduki na kitanzi

Ukanda wa Bagamoyo uliijua bunduki mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Katika karne ya 19, mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na bunduki zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobebwa mabegani mwa wapagazi kwenda bara. Mwaka 1888, wakazi wa pwani walipoinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki wakiongozwa na Abushiri bin Salim, huku Bwana Heri akiongoza mapambano ya Saadani, walipigana kwa silaha hizo hizo zilizoletwa na biashara.

Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mjini Bagamoyo, karibu na ufukwe, hadi leo lipo eneo lenye mnara wa kumbukumbu ya Waafrika walionyongwa na utawala wa Kijerumani. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa uliwazuia Waafrika wa eneo kubwa la bara hili kupata bunduki za kisasa. Tangu hapo, silaha ikawa kitu kinachomilikiwa kwa idhini ya mtawala. Gobore, bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, ikabaki mikononi mwa wawindaji wa vijijini.

Adhabu nayo ilitolewa hadharani ili iogopwe. Viboko ishirini na vitano vya Mjerumani, maarufu kama "hamsa ishirini", vimebaki katika kumbukumbu za watu wa pwani. Baada ya Uhuru, kiboko hakikuondoka. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliweka viboko 24 kwa makosa kadhaa, vikitolewa kwa mikupuo miwili: nusu mfungwa anapoingia gerezani na nusu anapotoka. Imani kwamba adhabu kali ndiyo dawa ya uhalifu ina mizizi ya muda mrefu hapa nchini.

Nani anaruhusiwa kumiliki silaha

Tanzania haina haki ya kikatiba ya raia kumiliki bunduki. Umiliki wa silaha ni kibali ambacho Serikali huweza kukitoa, kukikataa au kukifuta. Suala hilo lilisimamiwa na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991 hadi ilipotungwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayotumika sasa.

Safari ya mwombaji huanzia katika serikali ya kijiji au mtaa anakoishi, ambako watu wanaomfahamu huulizwa tabia yake. Maombi hupita katika kamati za ulinzi na usalama na katika ngazi za Jeshi la Polisi kabla ya uamuzi. Mwombaji hutakiwa kueleza sababu ya kuhitaji silaha, kuonyesha kwamba anajua kuitumia na kwamba ana mahali salama pa kuihifadhi. Gobore halikuachwa nje: nalo ni silaha na linahitaji kibali.

Mwaka 2016 wamiliki walitakiwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa, na katika miaka ya karibuni Serikali imetoa vipindi vya msamaha kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria kuzisalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Anayekamatwa nje ya vipindi hivyo hukabiliwa na kesi nzito. Kumiliki silaha bila kibali huhesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha kati ya miaka 20 na 30 kwa makosa ya kundi hilo.

Ukali huo una sababu zake. Julai 2015 watu wenye silaha walivamia Kituo cha Polisi Stakishari, jijini Dar es Salaam, wakaua askari na raia na kupora bunduki. Aprili 2017, katika Wilaya ya Kibiti iliyo mkoa mmoja na Bagamoyo, askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Silaha moja inayopotea mikononi mwa mmiliki mzembe huweza kurejea kijijini ikiwa mikononi mwa jambazi.

Sheria inasema nini kuhusu kujilinda

Wapo wananchi wanaoamini kwamba sheria humlinda mhalifu kuliko aliyevamiwa. Kanuni ya Adhabu inayotumika Tanzania Bara haisemi hivyo. Katika kifungu cha 18 na vifungu vidogo vinavyokifuata, inampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwenzake, kulinda mali yake na hata mali ya mtu mwingine dhidi ya shambulio lisilo halali.

Haki hiyo huweza kufikia hatua ya kumuua mshambuliaji. Sheria inayataja mazingira yenyewe: pale anayejilinda anapokuwa na sababu ya msingi ya kuhofia kwamba atauawa au kujeruhiwa vibaya, au pale shambulio linapokuwa na nia ya kubaka, kuteka, kuvunja nyumba usiku, kunyang'anya au kuchoma moto. Mwenye nyumba anayevamiwa usiku na watu wenye mapanga hatakiwi kusubiri akatwe kwanza.

Lakini haki hiyo imewekewa mpaka. Nguvu inayotumika lazima iwe ya kiasi kinachohitajika kuizuia hatari. Anayezidisha atawajibika kwa kosa litakalotokana na ziada hiyo, na kama ziada hiyo imesababisha kifo, kosa lake ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni wakati. Hatari inapokwisha, na haki ya kujilinda imekwisha. Mwizi aliyetupa alichoiba na kukimbia, aliyeanguka, aliyefungwa kamba au aliyekwisha kuzingirwa na watu hamsini hatishii tena maisha ya mtu. Pigo linalofuata baada ya hapo haliwezi kuitwa kujilinda. Ni adhabu, na adhabu hiyo imetolewa na mtu ambaye sheria haikumpa mamlaka ya kuitoa.

Inafaa kukumbuka kwamba hata mnyama ana utaratibu wake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kumuua mnyama ili kuokoa maisha au mali, lakini inamtaka atoe taarifa kwa mamlaka, na mnyama huyo hubaki kuwa nyara ya Serikali. Wazee husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ikiwa kifo cha kiboko wa Mto Wami kinahitaji maelezo, cha binadamu kinahitaji zaidi.

Matukio mawili ya mwaka 2006

Mwaka 2006 uliwaonyesha wakazi wa Dar es Salaam na Pwani pande mbili za suala hili. Ulikuwa mwaka wa hofu. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umeongezeka, na Aprili mwaka huo majambazi walilishambulia kwa risasi gari lililokuwa na fedha za benki katika eneo la Ubungo. Wananchi walitaka hatua kali, na habari za majambazi kuuawa zilipokewa na wengi kwa shangwe.

Miezi mitatu kabla ya tukio la Ubungo, Januari 14, taarifa ilikuwa imetolewa kwamba majambazi wanne wameuawa katika majibizano ya risasi na polisi. Baadaye ndugu zao walijitokeza na kusema waliouawa walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na dereva wa teksi. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, ambayo ilibaini kwamba hapakuwa na majibizano ya risasi. Watu hao walikamatwa wakiwa hai na kuuawa katika Msitu wa Pande, pembezoni mwa jiji.

Maofisa na askari kadhaa walishtakiwa, akiwamo aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, Abdallah Zombe. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuachiwa kwa Zombe na wenzake, lakini ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu adhabu ya kifo. Mashauri hayo yalichukua zaidi ya miaka kumi. Neno "majambazi" lilikuwa limetolewa kwa siku moja.

Tukio la pili lilitokea Novemba mwaka huo huo katika eneo la Kawe, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, alidaiwa kumuua kwa risasi dereva wa daladala baada ya magari yao kugusana barabarani. Alishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, kisha shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana. Mabadiliko hayo yalizua mjadala mkali kuhusu usawa mbele ya sheria. Alifariki dunia Aprili 2008 kabla mahakama haijatoa hukumu, hivyo hatia yake haikuwahi kuthibitishwa.

Katika tukio la kwanza umma uliridhika haraka kwa sababu waliouawa waliitwa majambazi. Katika la pili umma uliudhika kwa sababu aliyekufa alikuwa mfanyakazi wa kawaida na mtuhumiwa alikuwa mkubwa. Ukweli wa sheria ulikuwa mmoja katika matukio yote mawili: anayekatisha maisha ya mtu anapaswa kueleza mbele ya mahakama ni hatari gani iliyomlazimu.

'Wananchi wenye hasira kali'

Kwa kila mtu anayeuawa kwa bunduki ya mwenye kibali, wapo wengi wanaokufa kwa mawe, marungu na matairi ya moto. Magazeti yamezoea kuwaita wauaji hao "wananchi wenye hasira kali", maneno ambayo yanaficha jina, idadi na wajibu wa kila aliyehusika. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiorodhesha vifo vya aina hiyo katika ripoti zake za kila mwaka.

Sababu zinazotolewa na wananchi hazipaswi kudharauliwa. Polisi hufika wakiwa wamechelewa au hawafiki kabisa. Mtuhumiwa aliyepelekwa kituoni asubuhi huonekana mtaani jioni, na wengi huamini ametoa rushwa, ingawa huenda amepewa dhamana iliyo haki yake kwa makosa mengi. Shahidi hutakiwa kwenda mahakamani mara nyingi kwa nauli yake, na kesi huahirishwa. Mkulima aliyeibiwa mbuzi wawili hupiga hesabu na kuona haki ya mahakamani ni ghali kuliko mbuzi wenyewe.

Viongozi nao wamewahi kuiongeza hasira hiyo. Januari 2009, wakati wa wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema wanaokutwa wakifanya mauaji hayo nao wauawe, kauli iliyopingwa vikali na kumfanya atoe maelezo bungeni huku akitokwa na machozi. Juni 2013 alisema tena bungeni kwamba wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Mawakili Tanganyika vilifungua shauri dhidi ya kauli hiyo, ambalo Mahakama Kuu ililitupilia mbali mwaka 2014.

Hatari kubwa ya hukumu ya kundi ni kumkosea mtu. Katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko mwingine wote. Ikaelekeza ziulizwe habari za mwanga uliokuwapo, umbali, muda aliotazamwa mtuhumiwa na kama shahidi alimfahamu kabla. Kundi linalokimbia gizani nyuma ya kelele za "mwizi! mwizi!" haliulizi hata swali moja kati ya hayo.

Zipo njia zilizojaribiwa za kuziba pengo hilo. Sungusungu walioanzia Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikabiliana na wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua na kuwapa uwezo wa kukamata. Kuanzia mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi lilihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi. Makundi hayo yameleta nafuu mahali pengi, ila pale yalipojipa kazi ya kuhukumu na kuchapa, yalirudisha tatizo lile lile.

Je, adhabu kali inatosha?

Sheria za Tanzania si laini kwa wahalifu wa silaha. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na adhabu yake ya chini ni kifungo cha miaka 30. Silaha si lazima iwe bunduki. Panga, kisu au rungu linatosha, na thamani ya kilichoporwa haipunguzi miaka hiyo.

Kwa kosa la kuua kwa kukusudia adhabu ni kunyongwa hadi kufa. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliitangaza adhabu hiyo kuwa kinyume cha Katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo Januari 1995. Hata hivyo, tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Septemba 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba angeona ugumu kutia saini amri ya kunyonga. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila nafasi ya kupima mazingira ya kosa ni kukiuka haki ya kuishi.

Hali hiyo inaonyesha kinyume cha ajabu. Dola yenye majaji, mawakili na rufaa imesita kumnyonga mtu aliyethibitishwa kuua, wakati mtaani mtu aliyeshukiwa kuiba simu huuawa kwa dakika chache bila kuulizwa jina.

Mataifa mengine

Mjadala huu haupo Tanzania peke yake. Nchini Kenya, mmiliki wa ranchi, Thomas Cholmondeley, alimuua kwa risasi askari wa wanyamapori mwaka 2005, na Mwanasheria Mkuu akafuta kesi, jambo lililoamsha maandamano ya Wamaasai. Mwaka 2006 alituhumiwa tena kwa kifo cha mtu mwingine katika ranchi hiyo hiyo, na mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Uingereza iligawanyika kuhusu mkulima Tony Martin, aliyempiga risasi na kumuua kijana aliyevunja nyumba yake usiku mwaka 1999. Alipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, kisha rufaa ikaishusha kuwa kuua bila kukusudia. Marekani, ambako Katiba inatambua haki ya kubeba silaha, makadirio yanaonyesha kwamba bunduki za raia zimezidi idadi ya watu, lakini mahakama za huko nazo huuliza kama aliyefyatua risasi alikuwa hatarini.

Baada ya kilio cha usiku

Kwa mkazi wa Makurunge au wa Mbezi, sheria inaacha nafasi ya kutosha ya kutenda. Aliyevamiwa ana haki ya kupambana. Jirani ana haki ya kuitikia yowe na kusaidia. Raia yeyote anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, ili mradi amfikishe polisi, au kwa kiongozi wa kijiji atakayemfikisha huko, bila kuchelewa. Mwenye silaha aliyeitumia anapaswa kutoa taarifa mara moja na kuacha eneo la tukio lilivyo, kwa kuwa alama zilizobaki ndizo zitakazothibitisha kwamba alikuwa hatarini.

Serikali nayo ina deni. Haitoshi kuwaambia wananchi wasichukue sheria mkononi ikiwa kituo cha polisi hakina gari, shahidi halipwi nauli na kesi ya mbuzi inazunguka miaka miwili. Kila kesi inayosikilizwa kwa wakati na kumalizika kwa hukumu inayoeleweka humpunguzia mwananchi sababu ya kuokota jiwe.

Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Maana yake ni kwamba siku ya kukamatwa itafika. Hawakusema nani amhukumu siku hiyo, na ndiyo maana jamii ikajenga mahakama. Aliyekwisha kukamatwa na kufungwa kamba bado ana jina, na huenda ana maelezo. Yakiwa ya uongo, sheria imekwisha kumwekea miaka 30. Yakiwa ya kweli, dakika chache za subira zitakuwa zimeokoa maisha ya mtu asiye na hatia, na kuwaepusha majirani na kosa ambalo hakuna rufaa itakayolirekebisha.